Maswali Yenu: Bendi Imeficha Kitu, au Sikio Limejitungia?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kusaka siri katika muziki wa roki, hasa zile nyimbo ambazo mwimbaji haeleweki anasema nini, au zinazokatika ghafla bila sababu. Tumechagua saba na kuzifupisha.

SWALI: Niligeuza wimbo mmoja ukacheza kinyumenyume, nikasikia sentensi kamili ya maneno sita. Niliwachezea wenzangu watatu, nao wakaisikia vilevile. Huo si ushahidi wa kutosha?

JIBU: Inategemea uliwaambia nini kabla ya kuucheza. Kama uliwadokeza maneno, ushahidi wako umeishia hapo. Mwaka 1985 wanasaikolojia John Vokey na Don Read wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hilihili. Walirekodi matini za kawaida, zikiwemo Zaburi ya 23 na shairi la Lewis Carroll, wakazicheza kinyume. Wasikilizaji waliweza kutambua kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, na mara nyingi hata lugha aliyotumia. Maana hawakuipata: walipoombwa kuzipanga sentensi katika makundi matano, walipatia kiasi ambacho mtu angepatia kwa kubahatisha tu. Lakini walipotajiwa maneno ya kusikiliza, wengi waliyasikia papo hapo. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Huku kwetu lisemwalo husikika hata kama halipo.

Sababu imo katika sauti zenyewe. Irabu ndefu, pamoja na s, f, m na n, hazibadiliki sana zikigeuzwa, kwa hiyo wimbo wowote wa kinyume hujaa vipande vinavyofanana na usemi. Zinazoharibika ni p, t, k, b, d na g. Kila mojawapo huanza kwa pumzi kuzibwa kisha kuachiliwa kwa mlipuko. Ukiigeuza, mlipuko hutangulia, na ubongo hulazimika kukisia konsonanti gani ilikuwa hapo. Mwenye neno tayari kichwani hukisia neno hilohilo.

Jaribu hivi. Fungua nakala ya wimbo, si faili la asili, katika Audacity, ambayo ni programu ya bure. Teua kipande cha sekunde 4 hadi 6, ukiacha nusu sekunde ya ziada kila upande, kigeuze kwa amri iliyomo kwenye menyu ya athari, kisha kihifadhi peke yake. Tengeneza vipande vingine vitatu vya urefu uleule kutoka wimbo uleule, mahali ambapo wewe husikii chochote, uvichanganye na kile cha kwanza. Tafuta watu watano wasiojua unachotafuta. Wachezee kila kipande mara tatu kwenye hedifoni, na kila mmoja aandike anachosikia kabla ya kuzungumza na mwenzake. Ikiwa watatu wameandika neno lilelile, neno lenye uzito na si mguno, endelea na uchunguzi. Ikiwa kila mtu ameandika lake, au wametunga sentensi nzuri hata kwenye vile vipande vitatu vya kupimia, achana nalo. Usibadili kasi katikati ya jaribio: ukijiruhusu kasi tano tofauti, umejipa nafasi mara tano za kusikia unachokitaka.

Ujumbe uliogeuzwa kwa makusudi huwa na dalili ambazo sikio lolote linazitambua, na zote husikika wimbo ukienda mbele kama kawaida. Sauti ya gitaa, piano, matoazi na mwangwi huanza kwa nguvu kisha hufifia. Zikiwa zimegeuzwa, huanza taratibu, hupanda, halafu hukatika ghafla kama zimevutwa kwa pumzi. Sauti ya mwimbaji nayo haijengi neno lolote la lugha yoyote. Sikiliza mwisho wa "Rain" ya The Beatles, 1966: hapo sauti ya John Lennon imewekwa kinyume, na huhitaji kuambiwa kwamba kuna kitu kimefanywa. Electric Light Orchestra walifanya hivyo mwanzoni mwa "Fire on High", 1975. Ukiugeuza, sauti nzito inasema kwamba muziki unaweza kugeuzwa lakini wakati hauwezi. Pink Floyd waliweka katika "Empty Spaces", 1979, sauti inayompongeza msikilizaji kwa kugundua ujumbe wa siri. Zote tatu, zikigeuzwa, maneno hutoka safi na mwangwi hufuata nyuma yake inavyopaswa.

Sasa pima wimbo wako. Ikiwa ukienda mbele mwimbaji anasema maneno ya kawaida yenye maana, na ukirudi nyuma "anasema" maneno mengine, ni bahati nasibu kwa karibu kila hali. Kutunga mstari unaosomeka pande zote mbili kwa sauti ni kazi ngumu mno, na hakuna bendi inayoifanya kwa siri. Kesi ya Judas Priest huko Reno, Nevada, mwaka 1990 ilizunguka hapo. Walalamikaji walidai kuna amri ya maneno mawili iliyofichwa katika "Better by You, Better than Me". Jaji aliona kwamba kilichosikika ni pumzi ya mwimbaji iliyogongana na sauti ya gitaa, wala hakikuwekwa kwa makusudi. Rob Halford, mwimbaji wa bendi hiyo, naye aliichezea mahakama nyimbo zao wenyewe kinyume, zikasikika habari za kiti kilichovunjika. Tunaona huo ndio utetezi bora kuliko wote uliotolewa siku zile.

SWALI: Nimefungua wimbo kwenye spektrogramu (mchoro unaoonyesha masafa ya sauti kadiri wakati unavyokwenda) nikitarajia picha. Naona ukungu mtupu, na sehemu ya juu ni nyeusi kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Weusi wa juu ni alama ya faili lililobanwa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata kila kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, ilhali CD, kwa sampuli zake 44,100 kwa sekunde, hufika kilohezi 22. Kuibadilisha MP3 iwe WAV hakurudishi kilichokatwa. Utapata faili kubwa lenye upungufu uleule. Itoe sauti kwenye CD yenyewe, au tafuta FLAC, aina ya faili isiyokata sauti.

Ukungu unatokana na ukubwa wa dirisha, yaani idadi ya sampuli zinazopimwa kwa pamoja. Dirisha la sampuli 512 hugawa wakati katika vipande vya milisekunde 12 hivi, lakini masafa huachana kwa hatua pana za hezi 86. Dirisha la 4096 hupunguza hatua hizo hadi hezi 11, ila kila kipande sasa huchukua milisekunde 93 na mapigo ya ngoma hutandaa. Anza na 2048, kisha panda. Badilisha pia mizani ya masafa, kwa sababu picha iliyochorwa kwa mizani ya logi huvutika na kupotoka ukiitazama kwa mizani ya mstari. Sura ya mtu katika wimbo wa pili wa singo ya Aphex Twin, "Windowlicker" ya 1999, ni hivyo. (Aphex Twin si bendi wala si roki, lakini ndiye anayetajwa kwanza kila mazungumzo haya yakianza.)

Usitazame wimbo wote. Picha inahitaji nafasi isiyo na ngoma wala gitaa, kwa hiyo nenda kwenye kelele, miungurumo na miisho inayofifia. Mwaka 2007 Nine Inch Nails waliacha vifaa vya USB kwenye matamasha yao barani Ulaya kabla ya albamu ya Year Zero. Kelele za mwisho wa "My Violent Heart", uliookotwa Lisbon, zilipotazamwa kwenye spektrogramu zilionyesha mkono unaoshuka kutoka juu. Faili lile lilikuwa MP3, na picha ilibaki, maana ilichorwa chini ya masafa yanayokatwa.

Kuna maumbo yanayowadanganya wengi. Mistari ya wima ni ngoma. Ngazi za mistari ya mlalo ni sauti moja ya ala pamoja na sauti zake za juu. Mawimbi ni mtetemo wa koo la mwimbaji. Na ule mstari mwembamba ulionyooka kama rula, wimbo mzima, kwenye hezi 15,625 au 15,734? Huo ni mlio wa televisheni ya zamani ya kioo iliyokuwa imewashwa studioni, ukaingia kwenye maikrofoni. Tofauti yake na mlio uliowekwa makusudi ni mahali unapoanza na kukoma: toleo la Uingereza la Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, 1967, lina mlio wa kilohezi 15 mwishoni tu, baada ya wimbo wa mwisho kwisha.

SWALI: Bendi ninayoipenda inaimba lugha ambayo hakuna anayeijua. Nimeanza kuandika kamusi yake. Nitafika?

JIBU: Kwanza jua kama kuna lugha ya kuandikia kamusi. Magma wa Ufaransa huimba Kikobaia, lugha iliyobuniwa na mpiga ngoma wao Christian Vander, na maneno yake hurudi albamu hadi albamu yakiwa na maana inayoweza kufuatiliwa. Hapo kamusi inawezekana. Sigur Rós wa Aisilandi, katika albamu ya 2002 yenye jina la mabano mawili tu, waliimba silabi zisizo na sarufi wala msamiati, wakaweka kijitabu chenye kurasa tupu ili msikilizaji ajiandikie mwenyewe. Hapo utaandika kamusi yako, si yao.

Kipimo ni marudio. Andika silabi unazosikia katika nyimbo tano, kisha tafuta mikufu ya silabi tatu au zaidi inayojirudia katika melodia tofauti. Ikiwa mkufu unatokea tu pale melodia ileile inapotokea, ni sehemu ya mahadhi, kama "la la la". Ikiwa unahama na kuingia kwenye melodia nyingine, huenda ni neno.

Na usisahau uwezekano wa tatu, kwamba ni lugha ya kawaida iliyorekodiwa vibaya. "Louie Louie" ya The Kingsmen, 1963, iliimbwa kuelekea maikrofoni iliyoning'inizwa juu ya kichwa cha mwimbaji. Wazazi wa Marekani wakasikia matusi, FBI ikauchunguza, ikahitimisha kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote ile. Wimbo wenyewe, alioutunga Richard Berry, ni baharia anayetamani kurudi kwa mpenzi wake. Uwezekano wa nne unafurahisha zaidi: "Die Eier von Satan" ya Tool, 1996, inasikika kama hotuba ya kutisha ya mkutano wa kisiasa, umati ukishangilia. Anayejua Kijerumani husikia maelekezo ya kuoka biskuti: sukari, siagi, unga, bangi kidogo, na hakuna mayai. Mpe anayeijua lugha asikilize kabla hujanunua daftari.

SWALI: Kuna wanaosema Tool waliweka namba za Fibonacci (kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia) katika "Lateralus", na wengine wanasema nyimbo za albamu hiyo zina mpangilio wa siri. Yapi ni kweli?

JIBU: La kwanza ni kweli, na unaweza kulihakiki kwa vidole. Hesabu silabi za mwimbaji katika ubeti wa kwanza, ukikata kila anapopumzika: 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha anarudi 5, 3. Baadaye anapanda hadi 13. Mfuatano ni mkali, unaanzia mwanzo kabisa, na mipaka ya makundi imewekwa na mwimbaji mwenyewe kwa pumzi zake, si na wewe. Kiitikio hupishana mapigo ya 9/8, 8/8 na 7/8, na 987 ni namba ya 16 katika mfuatano huo. Hili la pili, kwa maelezo ya bendi yenyewe, walilikuta tu.

Mpangilio wa siri ni hadithi nyingine. Mashabiki hupanga nyimbo 13 za albamu hiyo ya 2001 hivi: 6, 7, 5, 8, 4, 9, 13, 1, 12, 2, 11, 3, 10, wakishangaa kwamba kila jozi hujumlika kuwa 13, nayo 13 ikisimama peke yake. Lakini namba zozote kuanzia 1 hadi 12 huwezi kukosa kuzipanga hivyo. Ni tabia ya namba. Nyimbo 13 zinaweza kufuatana kwa njia 6,227,020,800, na miongoni mwa hizo lazima zipatikane nyingi ambazo mwisho wa wimbo mmoja unaungana vizuri na mwanzo wa mwingine, hasa kwa bendi inayorudia funguo zilezile za muziki.

Tahadhari hiyohiyo iko kwenye uwiano wa dhahabu. Chukua wimbo wa sekunde 564, ambao ndio urefu wa "Lateralus". Weka matukio kumi yanayoonekana muhimu, popote pale bila mpango: ngoma kuingia, gitaa kunyamaza, na kadhalika. Uwezekano wa angalau moja kuangukia ndani ya sekunde 10 za alama ya 0.618 ni karibu asilimia 30. Si muujiza.

Kwa mfano wa namba zilizowekwa kwa uhakika, chukua "YYZ" ya Rush, 1981. Mdundo wa mwanzo ni msimbo wa Morse wa herufi hizo tatu, ambazo ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto. Y ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Z ni ndefu mbili, fupi mbili. Hesabu ndefu kuwa 2 na fupi kuwa 1: 7, 7 na 6, jumla 20. Robo 20 za pigo ni mapigo matano, na wimbo unaanza kwa 5/4. Jina la wimbo linasema herufi, mdundo unazisema tena, hesabu inafunga. Dai lolote la msimbo tunalipima kwa huo.

SWALI: Nasikia CD nyingine zina wimbo kabla ya wimbo wa kwanza. Zangu nimezihamishia kwenye kompyuta na sioni kitu.

JIBU: Hutaona, kwa sababu programu nyingi huanza kunakili pale wimbo wa kwanza unapotangazwa kuanza. Sauti iliyo kabla ya hapo huachwa. Rudi kwenye mashine ya CD: cheza wimbo wa kwanza, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kurudisha nyuma. Kama kipo, saa itaonyesha alama ya kutoa na kuendelea kurudi. Mashine nyingine hazikubali. Jaribu ya zamani. Kwenye kompyuta tumia Exact Audio Copy na utazame jedwali la diski: wimbo wa kwanza kwa kawaida huanza sekunde 2 baada ya mwanzo wa diski, ukianza dakika nzima baadaye, kuna kitu. Songs for the Deaf ya Queens of the Stone Age, 2002, na Guerrilla ya Super Furry Animals, 1999, zina vitu hivyo.

Mwisho wa diski ni rahisi zaidi: wimbo wa mwisho wenye urefu usioelezeka. Nevermind ya Nirvana, 1991, ina kimya cha kama dakika kumi kisha "Endless, Nameless". Nakala za mwanzo kabisa hazina, kwa hiyo usigombane na mwenzako asiyeusikia. Broken ya Nine Inch Nails, 1992, ina nyimbo namba 98 na 99, kati yake na namba 6 ni vimya vifupi tu. Matoleo ya intaneti mara nyingi huondoa kimya, na ushahidi huenda nacho.

SWALI: The Dark Side of the Moon inaoana kweli na filamu ya The Wizard of Oz?

JIBU: Inaoana kiasi ambacho albamu yoyote ya dakika 43 yenye mabadiliko mengi ingeoana na filamu yenye mikato mingi. Mashabiki huanzisha albamu hiyo ya Pink Floyd ya 1973 pale simba wa nembo, mwanzoni mwa filamu, anaponguruma mara ya tatu. Bendi imekana.

Upimaji: kabla ya kutazama, andika matukio 20 ya albamu na sekunde zake. Hesabu yanayokutana na tukio la filamu ndani ya sekunde moja. Kisha sogeza mwanzo kwa sekunde 17, halafu 43, halafu 71, uhesabu tena. Kama idadi haishuki waziwazi, hakuna kilichopangwa. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: filamu iliyohamishiwa kwenye mfumo wa televisheni wa PAL hukimbia picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Albamu ikifika mwisho, filamu imeshatangulia kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Walioona "miujiza" kwenye kanda za namna hiyo waliona miujiza tofauti kabisa na ya wenye kanda za Marekani.

SWALI: Sina kompyuta. Naweza kuzungusha santuri kinyume kwa mkono?

JIBU: Unaweza, lakini sindano ndiyo italipa. Mkono wa sindano umetengenezwa kuburutwa nyuma ya mzunguko. Ukiusukuma mbele, sindano yenye ncha nyembamba hupinda au hukwaruza mfereji. Sindano za ma-DJ zenye ncha ya mviringo huvumilia. Zima mota kwanza, zungusha polepole kwa kidole ukishika ukingo wa sahani badala ya santuri, na usitumie nakala pekee uliyo nayo.

Ukiwa hapo, inamisha santuri kwenye mwanga wa pembeni usome ukanda laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati. Namba kama A1 au B2 ni za kiwanda, hazina siri. Maandishi ya mkono ndiyo ya kutazama: fundi George Peckham alizoea kutia saini yake ya "Porky" hapo, na nakala za kwanza za Led Zeppelin III, 1970, zina msemo wa Aleister Crowley, mwandishi wa mambo ya uchawi, uliochongwa kwa mkono. Huhitaji kugeuza chochote kuusoma.